Mti wa Krismasi baada ya sikukuu: kazi ya Januari kabla ya masika

Ikifika tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, msaipresi uliokatwa kabla ya sikukuu mara nyingi umeshakauka hata kama kwa mbali bado unaonekana wa kijani. Papasa tawi moja kutoka shinani kuelekea nchani: magamba madogo ya majani yanapukutika kiganjani kama pumba. Chukua kijiti chenye unene wa penseli ukikunje. Kikipinda bila kukatika, mti bado una maji. Kikivunjika kwa mlio, ulichonacho sebuleni ni kuni za kuwashia moto, zimesimama karibu na pazia na zimezungushiwa nyaya za umeme. Utoe siku hiyo hiyo.

Swali ni uende wapi. Wengi huuburuta hadi kwenye mtaro, huutupa nyuma ya ukuta, au huuwasha moto uani pamoja na mapambo yake. Njia zote tatu ni mbaya, tena ni hasara, kwa sababu mti wenyewe si taka. Msaipresi wa bara, mvinje wa pwani, hata msindano, yote ni mali ya shamba. Kinachoigeuza kuwa taka ni waya, plastiki na rangi tulizoivisha. Halafu kuna kalenda: kati ya Epifania na mvua za Machi kuna wiki kama kumi za jua, na ni muda unaotosha karibu kila kazi inayohitajika.

Kazi inaanza kwenye kuuvua mapambo, na hapa ndipo watu huharakisha wakaharibu mengine yote. Chomoa taa ukutani kwanza. Anza na ncha ya waya iliyofungwa mwisho, uuzungushe kwenye kipande cha boksi kadiri unavyoufungua; ukiuvuta kwa nguvu unakwaruza ngozi ya waya, na mwakani ukiuchomeka unaweza kupigwa na umeme. Zile nyuzi za kumetameta zivute kwa kufuata uelekeo wa tawi, yaani kutoka shinani kwenda nchani. Ukizivuta kinyume, magamba ya saipresi yanazinasa kama miba, zinakatika vipande vya nusu sentimita, na vipande hivyo huviokoti tena. Nyingi zimetengenezwa kwa PVC au plastiki nyingine iliyopakwa metali. Haziozi. Zikiingia kwenye mboji zitakuja kuonekana kwenye tuta la mchicha baada ya miaka mitano, na mbuzi akizila zinakaa tumboni, hazitoki na mavi.

Ukimaliza, pitisha mikono yote miwili kwenye kila tawi ukitafuta kwa vidole, si kwa macho. Vitu vinavyobaki ni vile vile kila mwaka: vibanio vya waya, uzi wa kufungia puto, na vipande vya mpira wa puto lililopasuka.

Pamba iliyowekwa juu ya matawi iwe kama theluji ina kipimo chake. Nyofoa kidogo, ishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, uiguse kwa kiberiti. Pamba halisi inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika. Hiyo inaweza kuingia kwenye mboji. Ikiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ni poliesta, itenge na plastiki nyingine. Matawi yaliyopulizwa rangi nyeupe au ya dhahabu yakate yote uyaweke kando na taka za kawaida. Rangi hiyo haifai kwenye mboji, haifai kwa mifugo, wala haifai motoni.

Udongo na kokoto za kwenye ndoo uliposimamishwa mti zirudishe bustanini. Kama ulitia maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe ili yasinuke, yamwage kwenye choo, usiyamwage kwenye mche wala kwenye chombo anachonywea kuku.

Kuutoa nje, tandaza shuka kuukuu sakafuni, laza mti juu yake, kisha uupitishe mlangoni kwa kutanguliza shina. Matawi yanajikunja yenyewe kuelekea nchani na hayakwaruzi ukuta. Ukitanguliza ncha, kila tawi linapanuka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, nusu ya majani unayaacha kwenye zulia.

Sasa kukatakata. Unahitaji msumeno, mkasi wa kupogolea, glavu na gogo la kukatia. Panga litumie kwa matawi madogo tu, tena yakiwa yamelazwa juu ya gogo. Tawi la saipresi lililokauka nusu lina msukumo: panga linagonga, linaruka, na goti liko hapo hapo. Toa matawi yote kuanzia chini kwenda juu, karibu kabisa na shina, kisha yagawe mafungu mawili. Yaliyo membamba kuliko kidole cha mwisho yakatwe vipande vya sentimita 5 hadi 10. Haya ndiyo ya matandazo na mboji. Yaliyo manene zaidi pamoja na shina yawekwe upande wa kuni na fito. Bandu bandu huisha gogo: mti wenye urefu wa mita 2 humalizwa na mtu mmoja kwa asubuhi moja bila mashine yoyote. Utomvu ukikuganda mikononi usianze na sabuni. Paka mafuta ya kupikia, sugua, pangusa kwa kitambaa kikavu, ndipo unawe.

Matandazo ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa mwenye kiwanja kidogo naipendekeza kabla ya nyingine yoyote. Januari na Februari jua linakausha udongo wa juu haraka. Tabaka la saipresi iliyokatwakatwa linaukinga. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 7 chini ya mparachichi, mgomba, mkahawa au mwembe, na uache wazi sentimita 10 kuzunguka shina. Ukiyasukumia matandazo hadi kwenye gome, unyevu unakaa hapo, gome linalainika, kuvu wanaingia. Mwagilia udongo kwanza ndipo utandaze, kwa maana matandazo yanatunza kilichopo. Yakiwekwa juu ya udongo mkavu, manyunyu ya kwanza yataishia juu yake.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuyachanganya na udongo kwa jembe. Viumbe wadogo wanaoozesha mti wanahitaji naitrojeni, na wasipoipata kwenye mti huichukua kwenye udongo; mahindi au sukuma wiki uliyopanda hapo inageuka manjano na unadhani ni ugonjwa. Yabaki juu. La pili ni kuyatandaza kwenye kitalu au tuta la mbegu. Majani ya saipresi yanazuia mbegu ndogo zisichipue, na hiyo ni moja ya sababu chini ya ua wa saipresi hapaoti vitu vingi. Sifa hiyo hiyo inayafaa sana kwenye vijia vya bustani, ambako hutaki magugu. Ule wasiwasi kwamba majani haya yanatia udongo asidi usikukoseshe usingizi. Tabaka la mti mmoja halibadilishi udongo wako kwa kiasi cha kupimika.

Mchwa watakuja, hasa kwenye maeneo makavu. Kwa hiyo matandazo yakae angalau mita 1 kutoka ukuta wa nyumba, nguzo za mbao na ghala la mahindi.

Mboji inataka akili zaidi. Saipresi pekee haiozi kwa haraka: ina kaboni nyingi, naitrojeni kidogo, na utomvu unaowachosha bakteria. Lundo la saipresi tupu litakaa mwaka mzima likiwa na sura ile ile. Lichanganye hivi: kwa kila ndoo 1 ya saipresi iliyokatwakatwa, ndoo 2 za nyasi na majani mabichi, ndoo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi, na ndoo 1 ya mabaki ya jikoni kama maganda ya ndizi, viazi na machicha ya nazi. Saipresi isizidi sehemu moja katika tano. Lundo liwe na mita 1 kwa mita 1, na kimo cha mita 1. Likiwa dogo zaidi joto linatoroka pembeni.

Chini kabisa panga matawi manene bila kuyakata, tabaka lenye unene wa sentimita 15 hadi 20, ili hewa ipite. Juu yake tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi kiganja kimoja kwa unene, ukinyunyizia maji kila tabaka. Kipimo cha maji ni mkono: fumbata mchanganyiko na ukamue. Tone moja au mawili yatoke katikati ya vidole. Yakichuruzika, umezidisha, pasipotoka kitu na ngumi ikifunguka bonge linasambaratika, pakavu. Chomeka fito moja ndefu katikati hadi chini kabisa, funika lundo kwa majani ya mgomba au magunia ya katani, uondoke.

Siku ya nne ichomoe fito uishike sehemu iliyokuwa ndani. Iwe ya moto kiasi kwamba huwezi kuifumbata kwa muda. Hiyo ni dalili kwamba lundo liko juu ya nyuzi 55, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ikitoka baridi na kavu, maji au samadi ni kidogo. Ikitoka baridi, imelowa na inanuka mayai viza, hewa imekosekana. Fumua, changanya vipande vingine vya matawi, panga upya. Ikitoka na unga mweupe kama jivu, lundo limepata joto likakauka kabla ya kumaliza kazi, basi mwagilia. Geuza kila baada ya wiki tatu, ya pembeni iingie katikati. Ukianza tarehe 10 Januari, mwisho wa Machi sehemu laini zimeshakuwa nyeusi na zinanuka udongo wa msituni. Chekecha kwenye wavu wa kuku. Vipande vya mti visivyooza virudi kwenye lundo linalofuata, ambalo litawahi kuanza kwa sababu vina kuvu tayari.

Kwa wa pwani wenye mvinje, hesabu ni tofauti kidogo. Zile zinazoitwa sindano zake zina tanini nyingi, na bakteria peke yao hawaziwezi. Jambo hili lilionekana wazi Bamburi, kaskazini ya Mombasa, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Miti ilishika kwenye jiwe tupu, lakini sindano zilianguka na kurundikana bila kuoza. Kilichofungua njia ni jongoo wenye miguu myekundu walioletwa hapo: walizila, na mavi yao bakteria wakayamalizia, ukapatikana udongo. Leo mahali hapo ni msitu na bustani ya Haller. Basi ukiweka mvinje kwenye lundo lako ukakuta jongoo wamejaa, usiwaue wala usiwahamishe. Lundo la mvinje liwe kivulini, lenye unyevu wa kudumu, liguse ardhi moja kwa moja wapate kupanda.

Shina la mvinje ni kuni nzuri sana, moto wake una nguvu na makaa yake yanadumu. Shina la saipresi ni kuni za daraja la pili. Linapasuka-pasuka, linarusha cheche na masizi yake ni mengi kwa sababu ya utomvu. Lifae kuchemshia maji nje, lisitumike kuchomea nyama, moshi wake unaacha uchungu. Likate vipande vya sentimita 30, upasue kila kipande katikati, upange juu ya mawe chini ya paa, upande mmoja uwe wazi kwa upepo. Kugonga vipande viwili kunakueleza hali yake: mlio wa kwa-kwa ulio wazi ni mkavu, mlio uliofifia bado mbichi. Nyufa zikionekana kwenye ncha pia ni dalili njema. Usijaribu kuunguza mti mzima uani. Majani makavu ya saipresi yanashika moto kwa mpigo mmoja, ulimi wa moto unapita paa, na ukiwa na mapambo ndani PVC inatoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo la mtoto wa jirani.

Kama shina limenyooka, usikimbilie kulichoma. Lichubue magome, chonga ncha, ibabue motoni sentimita 30 za mwisho mpaka ziwe nyeusi, na una kiegemeo cha nyanya au maharage ya kupanda. Kubabua kunachelewesha kuoza ndani ya udongo, hakuzuii. Matawi mazima nayo yanaweza kuziba korongo dogo kabla ya masika: chomeka vigingi safu mbili kukatiza mkondo, safu ziachane sentimita 40, jaza matawi katikati ukiyakanyaga, funga vigingi vinavyotazamana kwa kamba ya katani. Katikati pawe chini kuliko pembeni. Maji yakikosa njia katikati yatachimba kingo na utapata makorongo mawili badala ya moja.

Suala la mifugo linahitaji tahadhari. Ughaibuni watu hupeleka miti yao kwa wenye mbuzi, na picha zake zinafurahisha, lakini saipresi si lishe. Saipresi aina ya makrokapa, iliyopandwa nyanda za juu tangu enzi za ukoloni, inajulikana kuharibu mimba za ng'ombe, hasa miezi ya mwisho. Kwa kuwa kuzitofautisha saipresi kwa macho si rahisi, nasema hivi kwa kila mfugaji: usimrushie ng'ombe wala mbuzi mwenye mimba tawi lolote la saipresi, na lundo lako liwe ndani ya uzio.

Kitu kingine cha kukagua kabla ya kuuhamisha mti ni chawa wa saipresi. Mdudu huyu alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990, akakausha nyua na mashamba makubwa ya misaipresi. Geuza matawi ya ndani, yale yasiyopata jua, utazame vijiti: wadudu wa kahawia wamejipanga kama punje, vijiti vinanata, na juu yake pana weusi kama masizi. Ukiwaona, usiegemeze mti huo kwenye ua wa jirani wala usiwape wauza miche. Ukatekate siku hiyo, uuingize katikati ya lundo la mboji lililopata joto au uufukie kina cha mkono mmoja.

Wanaoishi ghorofani hawana bustani, najua. Wao wamuulize mzoa taka wao kabla, si siku ya gari. Ukate mti vipande visivyozidi mita 1, vifunge kwa kamba ya katani bila kuvitia kwenye mfuko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania bara tangu Juni 2019, na hata ule unaouzwa kwa taka unazuia mti usioze. Kenya ina sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inayotaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, kwa hiyo unapomwambia mzoa taka auweke kando humwombi hisani. Bora zaidi, pita kwa wauza miche walio kando ya barabara. Wengi hupokea matawi safi kwa kivuli cha kitalu au kwa vijia vyao. Mti ukienda dampo, iwe Dandora ya Nairobi au Pugu Kinyamwezi ya Dar es Salaam, unafukiwa chini ya taka nyingine bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Ukitupwa mtaroni ni balaa jingine: matawi yananasa chupa na mifuko, masika yakija pale ndipo maji yanapopanda barabarani na kuingia majumbani.

Ndugu walio Uingereza wana kazi nyepesi kidogo. Halmashauri nyingi hukusanya miti Januari kwa tarehe zilizotangazwa, ikasagwe kuwa vipande vya matandazo. Sharti ni lile lile la kuuvua kila kitu, pamoja na kisimamio na wavu ulionunuliwa nao. Huko Lytham St Annes, Lancashire, hufukia miti hiyo nusu mchangani ufukweni ili inase mchanga unaopeperushwa na kujenga upya vilima vya pwani.

Imebaki miti ya kwenye chungu, saipresi au araukaria, ambayo haijafa na haina sababu ya kutupwa. Usiipande Januari. Itoe sebuleni uiweke chini ya kivuli cha mti kwa wiki mbili, kisha kwenye jua la asubuhi, mwagilia udongo ukikauka kina cha kidole. Mti uliokatwa hauna mizizi. Ukiuchomeka ardhini utabaki wa kijani wiki kadhaa ukikudanganya, kisha utakufa. Wa chungu ungoje mvua za Machi zishike, si manyunyu ya kwanza. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho, udongo wa juu uutenge na wa chini. Ukiutoa mti chunguni utazame mizizi: kama imejizungusha kama kamba, ikate mahali pawili au patatu kwa kisu kikali, la sivyo itaendelea kujinyonga humo humo ardhini. Usawa wa udongo uwe ule ule wa chunguni. Na upime mita 10 kutoka nyumba, shimo la choo na nyaya za umeme, kwa maana araukaria hii inayotosha juu ya meza inaweza kupita mita 30.